Goti la Baba Mkwe na Vitufe vya Usukani

Baba mkwe wangu ana goti lisilokunjika. Kiti cha nyuma hakimfai, kwa hiyo kila nilipomfuata kijijini kwake Mazingara kumleta kliniki Korogwe alikaa mbele, goti limeegemea katikati ya gari na kuiziba redio. Mkwe wa kike mwenye malezi hapitishi mkono juu ya goti la baba mkwe wake. Naye mzee hagusi cha mtu bila kukaribishwa.

Redio lazima iwake, kwa sababu bila taarifa ya habari kwake hiyo si safari. Siku moja habari zikaisha, ukafuata wimbo ulioeleza mambo ya chumbani, moja baada ya jingine, bila kuruka kitu. Mimi nikakazia macho barabara, yeye akayakazia mashamba ya mkonge. Tulikaa hivyo mpaka ukaisha.

Kliniki iliyofuata akaagiza nisijisumbue, atapanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi. Na goti lile! Niliumia sana. Upande wa ukweni, ni yeye peke yake aliyewahi kuisifu kazi yangu ya kutengeneza simu; wengine huniuliza nitaiacha lini.

Nikaamua redio niiongoze bila kunyoosha mkono. Gari langu ni la zamani, usukani wake ulikuwa na honi tu. Nikapata usukani wa toleo jipya la gari hilohilo, uliotolewa kwenye gari la ajali, wenye vitufe vya redio pale kidole gumba kinapokaa. Fundi wa gereji akacheka, akasema gari kuukuu halifundishwi mambo mapya. Mimi nimechokonoa simu Kilole miaka yote hii, nyaya zinitishe leo?

Nikachomoa betri, nikafungua usukani, nikazifuata nyaya mpaka nyuma ya redio na kuziunga kwa risasi ya kuyeyusha. Kwa kujiona mjanja, nikasahau kuuweka sawa ule utepe wa waya unaojizungusha ndani ya usukani. Kukata kona ya kwanza tu, ukakatika, na honi ikafa nao. Nilipita Kwamndolwa nikiwafukuza kuku kwa mdomo, kichwa nje ya dirisha.

Nikatafuta utepe mwingine, nikaanza upya, na safari hii kila kitufe kikatii. Nikampitia yule fundi, nikapandisha sauti na kuishusha huku mikono yote iko usukanini. Akaacha kucheka, akaomba nimwelekeze. Nilivimba kichwa, sikatai.

Siku ya kliniki nikaenda Mazingara bila kuitwa. Baba akatazama gari, akatazama goti lake, akapanda. Habari zikaisha. Ukaanza wimbo uleule. Nikabonyeza kwa kidole gumba, redio ikanyamaza, wala sikugeuka.

Jinsi nilivyotamani kumweleza! Lakini kueleza vitufe ni kuutaja wimbo, na wimbo ule hautajwi mbele ya mkwe. Nikameza majigambo yangu yote, nikaendesha.

Baada ya kitambo baba akakohoa.

"Redio yako imepata adabu, mama."

"Ndiyo, baba."

Aliposema tena hakuwa akiangalia redio, alikuwa akikiangalia kidole changu.

"Mwezi ujao unifuate mapema. Na sasa irudishe, wimbo utakuwa umeisha."