Galoni Mbili za Supa

Watu wa Kishanda walikuwa na msemo wao: ukitaka kujua siku ya Bartholomayo imekwendaje, usimwangalie usoni, angalia gari lake. Likiwa linang'aa, mambo shwari. Likiwa na vumbi, basi kuna mgonjwa nyumbani. Na kwa kuwa bonde zima lilikuwa na gari moja tu, hakuna aliyeuliza gari lipi.

Alilinunua mwaka ule kahawa ilipopanda bei mpaka wazee wakawa wanacheka peke yao njiani. Lilikuwa gari dogo la kijivu, la kabla ya vita, la Mwingereza mmoja wa idara ya mifugo aliyekuwa anarudi kwao. Siku lilipofika, Bartholomayo, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa miaka hamsini na ushee, mkulima wa migomba na mibuni asiye na makuu, alisimama mbele yake akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Mtu unazungusha hendeli, chuma kinakohoa, kisha kinajiendesha chenyewe kama kimekumbuka safari! Miaka miwili baadaye bado alikuwa hajalizoea. Kila asubuhi alipolifungua boneti alinong'ona, "Ee Bwana, haya ni makuu." Mkewe Alistidia alimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena huyu hajui hata kupika.

Mtu wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa mama yake Bartholomayo, Ma Kokubanza, aliyelijua gari kwa viganja. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe kwa miaka sita. Alilipapasa taa, akalipapasa mlango, akanusa, akasema, "Linanuka kama taa ya chemni iliyokasirika." Kisha akauliza lina rangi gani. Kijivu, akaambiwa. Akaondoa mkono, kwa sababu kijivu ndiyo rangi pekee aliyokuwa anaiona, na haikumpendeza.

Basi habari ikaja kanisani kwamba daktari wa macho amefika Bukoba kwa meli. Atapasua macho ya wazee wenye ukungu, nao wataona tena. Lakini kitabu cha kuandikisha wagonjwa kitafunguliwa siku moja tu, Jumatatu, na kitafungwa saa sita mchana. Atakayekosa atangoja mpaka meli imrudishe daktari mwakani, na Ma Kokubanza alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba yeye na mwakani hawajaahidiana.

Jumatatu kulipokucha Bartholomayo alimfunika mama yake shuka, akamkalisha kiti cha mbele, akapanda naye mpaka Nshamba, kwenye duka lenye pampu. Tangi alikuwa amelipima kwa fimbo ya tete, na tete lilitoka na unyevu wa ncha tu.

Hapo ndipo alipokuta ajabu. Pampu, ambayo miaka yote ilikuwa moja, sasa zilikuwa mbili, zimesimama bega kwa bega, kila moja na chupa kubwa ya kioo kichwani. Ishengoma, kijana wa makamo aliyezitunza, alikuwa amevaa kofia mpya kwa heshima ya pampu mpya.

"Shikamoo, Ta Bartholomayo. Leo nikutilie ipi? Hii ni ile yetu ya kawaida. Hii nyingine ni supa, imeletwa wiki iliyopita."

"Supa ndiyo nini?"

Badala ya kujibu, Ishengoma alishika mkono wa pampu mpya akaanza kuuvuta mbele na nyuma. Petroli ikapanda ndani ya kioo, nyekundu, safi, jua la asubuhi likapita katikati yake na kuangukia ukutani kwa duka. Bartholomayo aliduwaa. Alikuwa ameona divai ya meza ya Bwana, alikuwa ameona machweo ya ziwani, lakini hajawahi kuona kitu cha kutiwa ndani ya gari kikiwa kizuri namna ile.

"Mawe," akamwambia mama yake dirishani, maana ndivyo mama huitwa kwao, "laiti ungeiona. Ni nyekundu kama buni iliyoiva."

"Nyekundu," akarudia Ma Kokubanza, akageuzia uso wake upande wa sauti.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtamwona Bartholomayo mjinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa mtoto wa mama yake. Kwao, ndizi zilipokamuliwa, omulamba wa kwanza, ule mtamu mzito, ulikuwa wa mgeni. Baadaye makapi yaliongezwa maji, yakakamuliwa tena, na huo wa pili ukanywewa na wenye nyumba. Akiwa na miaka saba, Bartholomayo alimpelekea mgeni kibuyu cha omulamba wa pili, kwa bahati mbaya tu. Mama yake alimnyang'anya mbele za watu, akaumwaga kwenye migomba, akasema, "Katika nyumba yangu mgeni hapewi wa pili." Aibu ile ilimwingia mifupani. Tangu hapo hakuna mgeni aliyepata kwake kitu cha daraja la pili, wala ndizi, wala kiti, wala kahawa ya kutafuna.

Kwa hiyo alipotazama pampu mbili, hakuona petroli. Aliona omulamba wa kwanza na omulamba wa pili.

Ishengoma, Mungu ambariki, hakuwa mchuuzi wa uongo. "Ta, sikudanganyi. Supa ni ya magari mapya, yale ambayo injini zake zinabana sana. Hili lako lilitengenezwa kabla ya vita, limezoea ya kawaida. Ukilitilia supa halitajua hata tofauti. Na fedha uliyoshika inatosha galoni tatu za kawaida. Za supa ni mbili tu, maana pampu hii tunauza galoni nzima nzima."

"Mbili zitafika."

"Bukoba? Ni mbali, waitu, mzee wetu."

Bartholomayo akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgeni akieleza habari za migomba. Nani asiyejua kwamba omulamba wa kwanza ni mzito, kikombe kimoja huzaa viwili ukiuongeza maji? Galoni mbili za kitu chekundu vile ni sawa na nne za hicho kingine. Tena leo gari linambeba nani? Linambeba mama yake, kwenda kutafutiwa macho. Atie wa pili, leo?

"Tia supa," akasema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mwanzoni guu lilikuwa zima kabisa. Gari liliruka. Walau yeye aliapa linaruka. Waliteremka wakapita Muleba, ziwa likafunguka upande wa kulia, kubwa, jeupe kwa jua, na Bartholomayo akamsimulia mama yake kila kisiwa. "Unasikia linavyokwenda, Mawe? Unasikia sauti? Hiyo ni supa, galoni moja huzaa mbili!" Ma Kokubanza alisema anasikia mawe ya barabarani. Lakini alikuwa anacheka, mkono wake mmoja umeshika dirisha na mwingine umeshika goti la mwanawe.

Ng'ambo ya Kemondo, katikati ya mpando mrefu, gari lilikohoa mara mbili. Likavuta pumzi. Likakohoa tena, likanyamaza, likaanza kurudi nyuma taratibu mpaka akakanyaga breki.

Alishuka akatia tete ndani ya tangi. Lilitoka kavu.

Hofu iliyomshika hapo hakuwahi kumweleza mtu ila Alistidia. Alikaa chini kwenye majani. Jua lilikuwa limepanda, ilikuwa yapata saa nne na nusu, na Bukoba ilikuwa bado mbali kiasi ambacho mama wa miaka themanini hawezi kutembea, wala mwana wa hamsini hawezi kumbeba. Kitabu kiko wazi kule, majina yanaandikwa, kurasa zinajaa. Na yeye, kwa heshima yake, kwa upendo wake, amemkwamisha mama yake mlimani.

"Limechoka?" akauliza Ma Kokubanza kutoka ndani.

"Limeishiwa, Mawe."

"Si ulisema hiyo nyekundu inazaa?"

Bartholomayo akainuka, akatazama barabarani.

Ilipokaribia saa tano walisikia lori. Lilikuwa la kahawa, limesheheni magunia, na dereva wake Ayubu alisimama kabla hata hajapungiwa mkono, kwa sababu katika barabara ile dereva anayempita mwenzake aliyekwama atajibu mbele za Mungu. Alisikiliza kisa chote, akaguna, akapanda juu ya magunia akashuka na debe.

"Ninayo ya akiba. Nitakupa galoni moja, utanirudishia siku yoyote. Lakini ni ya kawaida, mzee wangu."

Mnaweza kuamini? Mtu yule, amekwama, mama yake yumo ndani, saa zinakimbia, alisita. Alisimama na kifuniko cha tangi mkononi, na macho yake yakaenda kwenye debe kisha kwenye gari kisha kwa mama yake. Alisema kwa sauti ndogo kabisa, ya mtoto wa miaka saba, "Leo linambeba Mawe... Siku nyingine yoyote, lakini leo... nimtilie ya pili?"

Ayubu hakuelewa. Ma Kokubanza alielewa. Aliufungua mlango kwa kupapasa, akautoa mguu mmoja nje.

"Bartholomayo."

"Mawe."

"Wale wageni waliokunywa omulamba wa kwanza, wako wapi?"

"Walikwenda zao, Mawe."

"Walikwenda zao. Na nyinyi watoto wangu sita, mlinywa upi?"

Bartholomayo akalitazama debe.

"Nimewakuza kwa wa pili," akasema Ma Kokubanza. "Mimi mwenyewe sijawahi kunywa mwingine. Mimina, mwana wange, tusichelewe."

Alimimina. Hakudondosha hata tone. Akazungusha hendeli mara moja, mara mbili, na mara ya tatu chuma kikakohoa kikashika. Alitega sikio kutafuta tofauti. Hakuna. Sauti ilikuwa ileile, nguvu ileile, na mpando ule mrefu ulikuja chini ya magurudumu, ukapita, ukabaki nyuma yao. Kama asubuhi aliona ajabu kwenye kioo, hii ilikuwa ajabu kubwa zaidi: kitu alichokidharau kilikuwa kinampeleka mama yake kwenye nuru, wala hakikumnung'unikia.

Jina la Kokubanza liliandikwa ukurasa wa mwisho, mstari wa tatu kutoka chini, saa sita kasoro kidogo.

Wiki tatu baadaye walirudi Nshamba. Ma Kokubanza alikuwa amevaa miwani minene kama vitako vya chupa, iliyoyafanya macho yake yawe makubwa ya kushangaza, na njia nzima alikuwa hajanyamaza. Kumbe barabara ina wekundu hivi! Kumbe gari lenyewe ni dogo hivi, na mwanangu ameota mvi! Alimgusa mvi zile mara tatu, akalia, akacheka, akalia tena, na Bartholomayo aliendesha huku machozi yakimwingia mdomoni.

Kwenye pampu mama alishuka mwenyewe, bila kushikwa.

"Ipi leo, Ta?" akauliza Ishengoma, akijizuia kucheka.

"Ya kawaida."

Ishengoma akavuta mkono wa pampu ya zamani, ile ambayo Bartholomayo alikuwa ameitumia miaka miwili huku macho yake yakiwa kwenye mfuko au kwenye tangi. Petroli ikapanda kwenye kioo. Ma Kokubanza alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Ilikuwa ya manjano hafifu, nyepesi, rangi ya omulamba uliokamuliwa mara ya pili, na jua lilipoipata kioo chote kikawaka, mwanga ukamwangukia usoni, kwenye miwani, kwenye mikono yake mikavu aliyokuwa ameinyanyua bila kujua.

Alikaa hivyo muda mrefu. Hata Ishengoma aliacha kuvuta.

"Bartholomayo," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Ile nyekundu uliniambia. Hii mbona hukuniambia?"

Bartholomayo akasogea akasimama kando yake, akaangalia alipokuwa anaangalia. Kisha akavua kofia.

"Nilikuwa sijaiona, Mawe."