Mguu wa Bibi Haukatwi

Kila ninaposikia harufu ya iliki ikitoka kwenye mafuta ya moto, jambo la kwanza linalonijia si njaa, ni hasira. Mwaka niliotimiza miaka kumi, nyumba yetu ya Jomvu Kuu ilinuka vitu viwili: kaimati za iliki na shira zilizoletwa na majirani, na kidonda cha bibi yangu, mama yake mama. Bibi alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na kidonda kilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Daktari alishamwambia kwamba kisipoanza kukauka kabla ya Ramadhani, mguu utakatwa chini ya goti. Bibi alilipokea neno hilo kwa alhamdulillahi. Mimi sikulipokea.

Zahanati ilitupangia Nesi Mueni, Mkamba wa Mikindani, mtaa ulio juu yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazungukia wagonjwa majumbani. Kila Jumanne aliteremka kwa miguu, mkoba begani, viatu vyeupe vimejaa vumbi. Alikisafisha kidonda na kukifunga, kisha akamtoboa bibi kidole na kulitia tone la damu kwenye kimashine. Na kila Jumanne sukari ilikuwa juu. Hakugomba. Aliuliza upya, polepole, bibi amekula nini jana, na nini asubuhi. Bibi akaapa, "Wallahi, mwanangu, sukari siigusi."

Wala hakuwa akisema uongo, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kwetu mgonjwa hutazamwa, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo anayekuja kumjulia hali huja na sahani. Kuirudisha sahani bila kuonja ni kumtukana aliyeipika. Basi bibi alionja kaimati mbili za huyu, kipande cha halua cha yule, na kitumbua cha wa tatu asije akajiona amebaguliwa. Kwa hesabu yake, kilicholiwa kwa ajili ya heshima hakikuwa chakula. Alikuwa akifa kwa adabu, na sote nyumbani tulikuwa tukimtazama na kuwashukuru wageni.

Mimi ndiye niliyemwambia nesi, siku nilipomsindikiza. Aliniuliza wageni huja siku gani, nikamjibu kwamba hakuna siku wasiyokuja. Akasema Jumanne ijayo atazungumza nao. Lakini Jumanne ilikuwa mbali, nami sikuwa mtoto wa kungoja. Kesho yake Bi Rukia, shoga wa bibi tangu walipokuwa wakisoma Kurani chuoni, alifika na sahani yake imefunikwa kawa, akanikuta nimesimama mlangoni. Nilimwamkia shikamoo kama ipasavyo, kisha nikamwambia aingie yeye, sahani ibaki nje.

"Tangu lini mtoto akamzuia mtu mzima mlangoni?" aliniuliza.

"Tangu mguu wa bibi uanze kuoza."

Aligeuka akaenda zake. Mama alinichapa, akaniamuru nikaombe radhi, sikwenda. Bibi alilia kwa fedheha, asiseme nami siku nne. Siku zile ziliniuma kuliko kipigo, lakini kila asubuhi nilirudi pale pale mlangoni.

Nesi Mueni alipopata habari, hakunisifu wala hakunikemea. Alikwenda kumbishia hodi Bi Rukia, akaja naye, na kwa idhini ya bibi akakifungua kidonda mbele yake. Kisha akampima bibi, akamweleza Bi Rukia maana ya ile namba, na kile kimashine akakiacha mkononi mwake. Tangu leo, alisema, wewe ndiye utakayempima kila asubuhi.

Bi Rukia alikiinamia kidonda. "Kumbe ni sisi tunaokukata mguu, shoga yangu," alisema.

Kuanzia hapo yeye ndiye akawa bawabu, na alikuwa mkali kuliko mimi. Wageni walijifunza kuja na mchicha na samaki wa kuchoma. Nesi naye hakulegea. Alibishana na bibi hata juu ya saumu, mpaka sheikh akaitwa kumwambia bibi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, kidonda kilikuwa kimeanza kukauka.

Siku hizi naishi Changamwe, na hakuna nesi anayebisha hodi. Mgonjwa huambiwa aende mwenyewe akapange foleni, hata kama mguu ndio unaomzuia kwenda. Hurudi na karatasi ya vyakula alivyokatazwa, na karatasi haijui anaishi na nani. Mwezi uliopita jirani yangu, fundi wa malori, alikatwa mguu wake. Tulipokwenda kumtazama, watu wakasema ni kudra. Nikawaambia kudra naiamini, lakini haikumkataza mtu yeyote kumfuata huyu nyumbani kwake mapema. Walinitazama kana kwamba nimekufuru. Na watazame. Bibi yangu aliishi miaka kumi na mmoja baada ya daktari kuutaka ule mguu, na tulimzika na miguu yake yote miwili.