Mkono wa Mke Wangu Mezani kwa Daktari

Daktari wa akili wa hospitali ya mtaa wetu amefariki Jumanne, na Bukavu inamlia kuanzia Kadutu hadi Ibanda. Mke wangu analia kuliko wote. Nami, wasomaji wangu, naona wivu. Ndiyo, namwonea wivu marehemu, mnisamehe msinisamehe.

Mnawajua watu wetu. Mwambie mtu aende kwa daktari wa akili, atakuruka: "Kwani mimi niko na kichaa?" Marehemu alilijua hilo. Alipopewa jengo la peke yake nyuma ya hospitali alilikataa, akaomba chumba katikati ya wenzake, mlango uleule wa maralia na vidonda vya tumbo. Kila aliyeingia alipimwa kwanza tension, yaani presha ya damu. Wenzake walimcheka kwa kazi hiyo ya wauguzi. Naye, kile kitambaa cha kipimo kikiwa bado kimefungwa mkononi mwa mgonjwa, aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwa letu: "Maman, usiku unalalaka?"

Mke wangu alikuwa hapati usingizi tangu tulipomzika binti yetu. Moyo ulimwenda mbio, kichwa kilimgonga, tukazunguka famasi zote za mjini. Kila asubuhi nilimuuliza huku nikivaa viatu, naye akanijibu, "Hapana kitu," akageukia ukuta. Kwa yule bwana alifungua kinywa siku ya kwanza! Nikiwa kwenye benchi nje nilimsikia akilitaja jina la binti yetu, jina ambalo nyumbani hatukulitamka tena tangu matanga. Lo, nilitamani kuuvunja mlango. Yeye ni nani hata apewe kilio cha nyumba yangu? Mke wangu alipotoka nikamuuliza wamezungumza nini.

"Amenipima tension," akasema.

Jana tumerudi kutoka makaburini, tukakaa mezani, nikamimina chai. Kisha akasema, "Papa, sasa nani atanipimaka tension?" Akakunja mkono wa gauni, akaulaza mkono wake mezani mbele yangu.

Kipimo sina. Nikauzungushia vidole vyangu, nikaliiba swali la marehemu: "Maman, usiku unalalaka?"

Akaniangalia sana. Halafu akalitaja jina la binti yetu, na hakunyamaza mpaka chai ikapoa.

Bado namwonea wivu yule bwana, maana swali ni lake. Ila nimejifunza: anayetaka kuambiwa ashike mkono kwanza, na viatu avivae baadaye.