Mgongo wa Beleshi

Jumanne iliyopita asubuhi Kolwezi ilimpoteza muuza vitambaa wake mkongwe, Myahudi wa mwisho niliyemjua katika mji huu. Wenzake waliondoka zamani, yeye alibaki, akitutania kila alipoona msiba wetu wenye mashada na matarumbeta: «Mi mukinizika, musilete maua. Maua si ya kula. Muniletee mikate leo, ningali na meno.»

Kwa mila yao maiti huzikwa upesi, siku ileile ikiwezekana, katika sanda nyeupe na jeneza la mbao tupu. Ndugu aliyebaki ni mpwa wake mmoja tu, basi sisi majirani tukaenda. Alikuja pia rafiki yake, mchimbaji wa mgodi wa Mashamba, na wenzake wa kazi. Huyo ni Mkasai, na sote tunajua yanayowapata Wakasai sasa: alikuwa amefukuzwa nyumbani kwa kuwa si mwenyeji wa huku, akilala stesheni na mke na watoto, akingojea treni ya kwenda kwao Kasai ambako watoto hawajawahi kufika. Ikimpita, hakuna ajuaye nyingine itakuja lini, ndiyo maana hata kaburini alikuja na mzigo wake.

Wachimbaji walipoanza kufukia, mpwa aliwazuia kwa heshima, kama baba zake.

«Hapana vile, ba tata. Kwanza munachota na mugongo ya beleshi.»

«Juu ya nini?» mchimbaji mmoja akauliza.

«Ionekane hatuna haraka ya kuachana naye.»

«Kumbe,» akasema Mkasai. «Njo namna chefu wetu wa mugodi alikuwa anatumika kazi.»

Tulicheka pale kaburini, na mpwa akacheka kutuzidi. Udongo ukadondoka kidogo kidogo. Mwaka huu tumejifunza kuachana na watu kwa haraka mno. Mzee huyu ametufundisha kwamba hata uzito wa mkono ni heshima.

Ndipo treni ikapiga honi. Mkasai akageukia stesheni, beleshi mkononi. Mpwa akainua kichwa: «Mugongo ni ya mwanzo tu.» Wachimbaji wakageuza mabeleshi, na kaburi likajaa kama vile kampuni ya mgodi bado inawalipa mishahara. Mpwa akawamwagia maji mikononi, akawakataza kujipangusa: yakauke yenyewe, wasionekane wana haraka ya kumfuta mzee.

Mkasai akakimbia na mikono mbele, kama mtu abebaye sinia, nami nyuma yake na mzigo wake. Mkewe alikuwa mlangoni mwa behewa.

«Tata, juu ya nini unabeba mikono vile?»

«Hapana kupangusa. Ni mila yabo.»

«Na mutoto, nani atamubeba?»

Akapanda, akampokea mtoto kwa viwiko, na treni ikaondoka.