Akaunti ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Nyumbani kwetu kila kitu huanza na jina langu. Wazazi walipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule, na tangu hapo mita ya umeme, shamba la Lupiro na hata magunia ya mpunga tunayopeleka mashineni yanaandikwa jina langu. Hakuna aliyekaa chini akapanga hivyo. Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipopata kompyuta kuukuu, na fundi wa dukani akauliza afungue akaunti ya nani, alimjibu, "Anza na dada." Fundi akafungua yangu, kisha yake. Yangu sikuwahi kuigusa.

Baadaye mdogo wangu alimaliza chuo Morogoro, akapata kazi ya kutengeneza programu akiwa nyumbani, katika kampuni moja ya Dar es Salaam. Alikuwa kwenye kipindi cha matazamio, yeye na kijana mwingine aliyekaa hukohuko Dar, na nafasi ilikuwa moja. Msimamizi aliwaambia kazi ya mwisho ifike Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni, ikiwa imepita majaribio yote.

Majaribio hayo alinieleza nikiwa napepeta mchele mlangoni. Kompyuta inajenga ndani yake chumba kidogo, wao wanakiita kontena. Programu inaingizwa mle, inapimwa hatua kwa hatua bila mtu kuigusa, halafu chumba kinabomolewa. Ikipita, inatokea alama ya kijani. Kwake ilikuwa inatokea nyekundu. Ilipofika mahali pa kuandika matokeo kwenye faili, ilikataa na kusema haina ruhusa.

"Faili si zako?" nilimuuliza.

"Zangu, dada. Nimezitengeneza mwenyewe."

"Basi jipe ruhusa."

Alicheka kidogo, kama mtu anayemhurumia anayemsaidia. Alishajipa. Alishawafungulia hata watu wote, yeyote asome na aandike, na majaribio yakapita. Lakini kila yanapoanza upya faili nazo huchukuliwa upya, na ruhusa zinarudi zilivyokuwa. Tena msimamizi hakutaka faili zilizo wazi kwa kila mtu. Alimpigia mwenzake wa Dar, ambaye kwake kila kitu kilikuwa kijani kwa maelekezo yaleyale. Yule kijana akamwambia labda kompyuta imezidiwa na joto la Ifakara, ailaze mtoni kidogo. Mdogo wangu alicheka kwenye simu. Alipokata hakucheka tena.

Nimewalea wadogo zangu bila kujua mambo mengi, lakini siku zote palikuwa na mtu wa kumuuliza. Mtoto akiwa na homa nilijua mlango wa kubisha. Maji yakimeza miche nilijua nani ana kitalu kilichobaki. Wiki ile sikuwa na wa kumuuliza. Nilisogeza meza dirishani ili mtandao ushike vizuri. Nilizima redio. Nilimwekea chai, ikapoa, nikamwekea nyingine. Kila maandishi mekundu yalipojaa kwenye kioo nilimwangalia usoni, kwa sababu kioo sikuweza kukisoma.

Ijumaa asubuhi aliniita. Alikuwa amegundua kwamba kompyuta haitazami majina, inatazama namba. Anayefunguliwa akaunti kwanza hupewa namba ya kwanza, anayefuata hupewa ya pili. Waliotengeneza kontena lile walizoea kompyuta zenye mtu mmoja, kwa hiyo mle ndani anayefanya kazi zote ni namba ya kwanza. Faili za mdogo wangu zilikuwa na namba ya pili. Kontena liliziona ni za mtu mwingine, likaogopa kuzigusa.

"Namba ya kwanza ni nani?" niliuliza.

"Wewe, dada."

Nilimwambia anifute. Alisita, mkono juu ya kibodi, akaniuliza kama nina hakika.

"Futa. Mimi humo siingii."

Akafuta. Kwa muda mfupi nilijiona nimefanya kitu. Akaendesha tena majaribio, yakarudi mekundu vilevile. Kuondoka kwangu hakukumsogeza yeye. Namba yake ilibaki ya pili, mahali pangu pakawa patupu tu. Akaanza kusoma upya, na mchana akapata jibu: wakati wa kulijenga, kontena liambiwe litumie namba yake. Ni mstari mmoja wa kuandika. Kabla hajaumaliza umeme ukakatika, na betri ya kompyuta ile haikai na chaji hata kwa kuombwa. Nilizunguka mtaani kutafuta mwenye jenereta. Niliyempata hakuwa na mafuta.

Umeme ulirudi jua likiwa limeshazama nyuma ya Udzungwa. Mstari ukaandikwa, kijani kikatokea toka juu hadi chini, akatuma. Jumatatu msimamizi alijibu kwamba kazi ni nzuri, ila ilichelewa, na nafasi amepewa mwenzake.

Mdogo wangu hakulia mbele yangu. Alikaa na kompyuta muda mrefu, kisha akaniita nikadhani ameanza kutafuta kazi nyingine. Alikuwa amenifungulia akaunti upya.

"Safari hii umekuja nyuma yangu," alisema.

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akanisogezea kiti, akaniambia nichague mwenyewe neno la siri. Nilikaa, mikono ina vumbi la pumba, nikiangalia kale kamstari kanakowaka na kuzima, na sikujua niandike nini.