Jina Lililokataa Kukaa

Historia ya ukoo wetu tuliiandika watu watatu kwenye simu: mimi Katesh ninakofundisha, mdogo wangu wa kike anayeishi Dirma, na mama nyumbani kwake Jorodom. Faili lilikuwa langu, wao niliwapa ruhusa ya kuhariri. Mama hakupenda kubofya herufi. Aliongea, simu ikaandika, na makosa yake tukayacheka pamoja.

Jambo moja hatukuwahi kulicheka. Kwetu Wadatoga mke hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Kila nilipoandika jina la babu, mama alilifuta akaweka "mwenye boma". Nami, na shahada yangu yote, nikamwachia.

Tope liliposhuka kutoka mlimani lilimchukua mama pamoja na nyumba. Yeye tulimpata, tukamzika. Simu haikuonekana.

Baada ya msiba nililirudisha jina la babu kila mahali. Nilijiambia kwamba aliyekatazwa kulitaja hayupo tena, na wajukuu wana haki ya kujua wametoka kwa nani. Kesho yake, saa ya chai ofisini kwa walimu, nikafungua faili. Jina halikuwepo. Mwenye boma alihamia Dirma na ng'ombe wake. Mwenye boma alioa. Pembeni, panapoonyesha nani kabadilisha, palikuwa na picha ya mama na kitenge chake cha kijani.

Nikalirudisha. Likafutwa tena. Chai ilinishinda.

Nikampigia mdogo wangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeingia kwa akaunti ya mama?"

"Mimi? Hata neno lake la siri silijui. Kuna mtu kaokota simu, kaka. Mtoe kabla hajafuta yote."

"Mtu gani aokote simu, halafu afute jina la babu tu?"



"Mtoe," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamtoa. Niliona kama namfungia mama mlango wa nyumba yake mwenyewe. Jina la babu likakaa. Siku zikapita, bado limekaa, na badala ya kufurahi nikawa naogopa kulitazama.

Halafu, mchana kweupe, wanafunzi wakipiga kelele uwanjani, simu ikalia mara moja mfukoni. Mama anaomba ruhusa ya kuhariri.

Maisha yake yote mama hakuwahi kuniomba ruhusa. Mimi ndiye niliyemwomba. Inawezekana ni mwizi tu, amekaa mahali na simu yenye matope, lakini sikuweza kumwacha mama amesimama nje. Nikalifuta jina la babu kwa mkono wangu, kila lilipokuwa, nikaandika mwenye boma. Kisha nikanong'ona shikamoo, nikabonyeza kukubali.

Ruhusa anayo mpaka leo. Hajagusa neno tena.