Niliyewafungulia Mlango

Mimi ndiye niliyefungua mlango. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka, na kwa sababu wako wanaoamini hadi leo kwamba aliyefungua ni mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Mama yake alikuwa Mfilipino, jirani yangu wa mlango wa pili hapa Carrollton na mwenzangu kazini. Sote wawili tulikuwa tukiwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Plano. Viza yake ilikuwa imekwisha miaka mingi. Watoto wake, msichana huyo na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, walizaliwa hapa hapa Texas, na waliniita Tita, ndiyo shangazi kwa lugha yao. Nyuma ya mlango wake alikuwa amebandika karatasi: usifungue; mwambie anayebisha apitishe chini ya mlango waraka wenye sahihi ya hakimu. Msichana aliyakariri maneno hayo kama mimi nilivyokariri Alhamdu chuoni.

Jumamosi moja asubuhi tulitoka zamu pamoja. Yeye akaingia bafuni, mimi nikabaki jikoni kwake nikikaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu, wanavyoupenda wao asubuhi. Mlango ukagongwa. Sauti ya kiume, ya adabu kabisa, ikasema kuna gari limegongwa pale nje na wanamtafuta mwenyewe.

"Tita, usi..." mtoto alianza kusema.

Mimi nimezaliwa Mombasa. Kwetu mtu akibisha haachwi nje akazungumza na mbao, ni aibu. Nikafungua na, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Waliingia wanaume wanne wa uhamiaji. Mwenzangu alipotoka bafuni na taulo kichwani wakambwaga kifudifudi kwenye zulia. Mmoja akamkita goti mgongoni, mwingine akampinda mkono mpaka nikasikia bega likialika. Alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwa mwanamke anayejifungua. Msichana akamrukia yule wa goti, akamng'ata mkono, akang'ang'ania mpaka damu ikatoka. Jamaa akamkung'uta, na mtoto akaenda kugonga pembe ya meza kwa mdomo. Mdomo ukapasuka, jino likadondoka sakafuni.

Nikamkwida mmoja shati huku nikimtukana matusi yote ya bandarini. Akanibana ukutani, kiwiko shingoni, akaniuliza, "Na wewe, una karatasi?"

Nikaliachia shati. Karatasi ninazo, zilikuwa mkobani, lakini mkono ulilegea wenyewe. Wakamburuta ngazini bila viatu, na nyuma yetu wali ukaungua mpaka ukawa makaa.

Mwanangu mkubwa, niliyempigia simu, alipofika akaliangalia zulia lile, akasema, "Mama, uka-open bila ku-check? Si wangekaa tu hapo nje mpaka wachoke!" Nikamvurumishia sufuria. Haikumpata, ila nilikusudia impate.

Baada ya wiki saba mama yao alirudishwa Manila. Watoto walikuwa kwangu. Yule mdogo alikuwa akijigonga kichwa ukutani kila akisikia nyayo ngazini, na hakuna chakula alichokubali ila tonge nimtilie mdomoni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Msichana alinivunjia sahani sita, moja baada ya nyingine, akinitazama usoni. Sikumkataza.

Mama yao alikuwa hajaamua wabaki kwangu au wahamie Houston kwa dada yake, aliyekuwa akiishi mtaa wa Alief, watu tisa katika vyumba viwili. Nikawapeleka huko tuyazungumze. Njia nzima nilijiambia: leo nasema. Simu ikawekwa mezani, mama yao akiwa upande wa pili, na jambo la kwanza dada yake aliloliuliza ni hilo hilo: nani aliwaingiza wale watu?

"Ni mimi," msichana akasema kabla sijavuta pumzi. "Nilisahau."

Yule dada wa mama yao akamzaba kofi la mdomo, juu ya kovu. Kofi la pili niliudaka mkono hewani.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Mimi ndiye niliyefungua!"

Msichana akanigeukia, damu kwenye meno. "Anaongopa," akawaambia. "Hataki nipigwe, basi."

Kule Manila mama yao akaanza kulia. "Dada yangu," akaniambia, "unajitwika kosa la mwanangu? Basi kaa nao. Sina mwingine wa kumwamini kama wewe."

Nikarudia kwamba ni mimi. Hakuna aliyeshughulika kunisikiliza.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia ya kurudi, mdogo amelala kiti cha nyuma, nilipopata sauti ya kumshukuru msichana.

"Usinishukuru," akasema, macho dirishani. "Ndugu yangu hakubali kulishwa na mtu mwingine. Siku atakayokula mwenyewe, nitampigia Mama nimwambie ukweli."

Ningeweza kumpigia mimi kabla yake. Sijapiga. Nawapenda watoto hawa, na naogopa.

Mdogo ametimiza miaka mitano. Jana mchana alikiomba kijiko, nikampa.